Sauti Alizozichora Zié

Ndugu yangu Zié aliisikia dunia kwa miaka mitano tu. Homa ya uti wa mgongo ilipopita kwetu Korhogo ilichukua watoto wengi na haikuwarudisha. Zié ilimrudisha, ila ikabaki na masikio yake. Mama hakulalamika hata siku moja. "Nilimwambia Mungu achukue anachotaka, mradi aniachie mtoto," alizoea kusema. "Akachukua masikio. Mimi na yeye hatudaiani."

Baadaye tulihamia Abidjan, mtaa wa Adjamé, Baba akiwa fundi wa malori na Mama akikaanga ndizi na samaki kando ya maegesho. Mimi ni dada yake, naitwa Karidja, nimemtangulia miaka miwili. Tulijitungia lugha ya mikono, ya nyumbani, ambayo mwanzoni tuliijua sisi wawili na Mama kidogo. Kwa hiyo nikisema hapa kwamba Zié alisema, jueni alisema kwa mikono, na mara nyingi kwa haraka kuliko mdomo wa mtu yeyote.

Mama alifungia samaki kwenye magazeti makuukuu. Katika magazeti hayo lilikuwemo moja la vichekesho lililoitwa Jumamosi, na ndani ya Jumamosi kulikuwa na ukurasa wa hadithi za picha uliochorwa na mtu aliyeitwa Lath Meless. Shujaa wake alikuwa Mjomba Plakali, bwana anayevaa suti ya vipande vitatu katika joto la Abidjan, hana kazi wala haya, na pua yake hunusa sufuria ya jirani akiwa bado mtaa wa pili. Kabla ya Meless, watu wa kwenye katuni zetu walizungumza Kifaransa cha darasani, kama wanaosimamiwa na mwalimu mwenye fimbo. Meless akawaachia waongee kama sisi, na matusi yao madogo madogo. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Nami nilimfundisha Zié kusoma kwa kurasa hizo hizo, tukizilamba mafuta kwanza.

Siku moja akaniwekea kidole juu ya neno lililoandikwa kwa herufi nene, pembeni ya mwanamke anayetwanga futu, ule ugali wetu wa ndizi na mihogo.

"Hili neno ni la nani? Halina puto la maneno linalotoka mdomoni. Nani kalisema?"

"Hakuna aliyelisema. Ni mlio wa mchi. Kpo! Kpo!"

Akatikisa kichwa. "Si kweli."

"Si kweli nini? Wewe umewahi kuusikia?"

Hapo akanishika mkono, akanivuta hadi uani, ambako jirani yetu alikuwa anatwanga kweli. Akanilazimisha kuweka kiganja ardhini. Nilikuwa nimeishi karibu na mchi ule maisha yangu yote, lakini sikuwa nimejua kwamba ukigonga kinu, ardhi inajibu. Ule mshindo ulipanda kiganjani, ukapita kiwiko, ukanifikia kwenye meno.

"Umeona?" akasema Zié. "Unatoka chini. Yeye kauandika juu hewani, kama nzi."

Usiku hauhesabiwi kwa mtu mwenye hamu. Alichora hadi akapata anachokitaka. Mwanamke anatwanga. Kutoka kwenye kinu, duara zinakimbia ardhini kama mtu katupa jiwe majini. Zinapita chini ya kuku, na miguu ya kuku inaachana. Zinapanda miguu ya kiti cha babu aliyelala, na meno yake ya bandia yanaanza safari ya kutoka mdomoni. Hakukuwa na neno hata moja. Niliposoma nikasikia kila kitu.

Miaka ikaenda. Zié alipofika kumi na saba alikuwa amechora lundo la kurasa za namna ile, na mimi nikaona nimechoka kuwa msomaji wake wa pekee. Nikamvalisha shati la Baba, tukaenda Plateau, katikati ya jiji, kwenye ofisi za Jumamosi.

Mhariri alikuwa Bwana Digbeu, mnene, mwenye leso begani. Alizipitia kurasa polepole, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya.

"Binti, huyu ndugu yako mkono anao, sikatai. Lakini sauti iko wapi? Hapa lori linapasukiwa gurudumu. Msomaji anataka PAAA! Herufi kubwa. Nyekundu, ikiwezekana."

"Sauti iko hapo hapo, Bwana. Tazama nguo kwenye kamba. Tazama ile supu."

"Naona supu inamwagika."

"Basi ndiyo sauti yenyewe."

"Supu?"

Zié akanigusa. "Anasemaje?"

"Anasema ni nzuri, lakini."

"Lakini nini?"

"Subiri, lakini yake bado haijaisha."

Kwenye meza ya dirishani alikuwa ameketi mtu mrefu, mwembamba, anatafuna karanga huku akichora. Aliinuka, akaja akipangusa vidole kwenye suruali, akauchukua ule ukurasa wa lori. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Aliuweka mezani, akaziba masikio yake kwa viganja viwili, akauinamia, akausoma hivyo hivyo mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza, bega lake lilikuwa linatikisika kwa kicheko.

"Digbeu," akasema, "nimeziba masikio na bado lori hili linanipigia kelele. Mpe nusu ya ukurasa wangu."

"Meless, wewe mzima? Watu wananunua gazeti kwa ajili ya Plakali!"

"Plakali ni mvivu. Nusu ukurasa unamtosha kujinyoosha."

"Wasomaji wataandamana."

"Waandamane. Wakifika nusu ya chini watakutana na kijana huyu, watasahau walichokuja kudai."

Nilipomtafsiria Zié kwamba huyu ndiye Lath Meless mwenyewe, alisahau adabu zote. Alimshika yule mzee mkono wa kuchorea, akaugeuza, akautazama kiganjani, kama anayetafuta mahali Mjomba Plakali anapotokea.

Hadithi ya lori ilitoka wiki iliyofuata. Nilikuwa namsaidia Mama kugeuza ndizi alipokuja dereva mmoja wa miraba minne, akanunua samaki, akafungiwa katika ukurasa ule. Mama alikuwa amenunua gazeti jipya zima na kulichana kwa makusudi, anasema ili watu wasikose. Dereva akala huku anasoma. Ghafla akaacha kutafuna, akageuka, akalitazama gurudumu la lori lake mwenyewe. Akalisogelea, akalipiga teke mara mbili, akarudi kwa samaki wake.

"Mama, nani kachora hiki?"

"Mwanangu," akasema Mama. "Nikuongezee pilipili?"

Tangu hapo Zié alikuwa anakwenda ofisini kila siku, na Meless akamfundisha asichokijua, maana kilikuwa kingi. "Unachora vizuri," alimwambia, mimi katikati nikitafsiri, "lakini unakimbia. Msomaji anakufuata ulimi nje. Unaona hii nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku? Si yako, wala si yangu. Ni ya msomaji. Hapo ndipo na yeye anapofanya kazi. Ukimjazia kila kitu, unamfukuza nyumbani kwake."

Zié akafikiri. "Ni kama kimya?"

"Ndiyo. Kama kimya."

"Hicho nakijua," akasema Zié, na wote wawili wakacheka bila kunisubiri.

Nami nikapata kazi humo humo. Meless aliona mwandiko wangu kwenye bahasha, akasema dada mtu aandike maneno ya kwenye maputo. Na alikuwa mkali kweli. "Herufi nazo zina koo, Karidja. Mtu ananong'ona, wewe unamwandikia kama muuza dawa za minyoo!" Mpaka leo nikianza kuandika puto lolote, kwanza namsikia yeye.

Alijitahidi kujifunza mikono yetu, lakini vidole vyake, vilivyokuwa na akili nyingi juu ya karatasi, hewani vilikuwa vipumbavu. Kuna jioni alitaka kumwambia Zié, kesho uje mapema. Akasema, kesho uje na mbuzi. Zié, aliyemwelewa vizuri kabisa, alikuja asubuhi na beberu la jirani, akalipandisha ngazi zote hadi mlango wa Bwana Digbeu. Beberu likala leso ya mhariri. Meless alicheka hadi akalazimika kushika ukuta, na hadithi hiyo nayo ikachapishwa.

Mambo yakaenda hivyo, mpaka gazeti lilipopata mmiliki mpya. Huyu alikuwa amevumbua kwamba kurasa za katuni kutoka ng'ambo zinapatikana kwa bei ya karanga, zimeshachorwa, zimeshapendwa na watu wa huko. Akaamuru za hapa zibaki nusu ukurasa tu, na mchoraji awe mmoja. Bwana Digbeu alituita, hakuweza kututazama usoni.

"Ni wewe, Meless," akasema. "Jina lako ndilo watu wanalolijua. Kijana, pole sana."

"Nusu ukurasa ni ya Zié," akasema Meless. "Ilikuwa yake tangu siku ile. Mimi naondoa ya kwangu."

Nilimtafsiria Zié. Uso ukambadilika. "Mwambie mimi si ombaomba."

"Anasema yeye si ombaomba."

"Mwambie si sadaka..."

"Mwambieni wenyewe!" nikawaambia wote wawili, maana machozi yalikuwa yananisumbua. "Yeye ana macho na wewe una mikono!"

Basi Meless akamgeukia, akaanza kutafuta maneno kwa vidole vyake, moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mimi. Nimesema. Mengi. Wewe. Hujaanza. Safari hii hakukosea hata neno moja. Meless akakusanya brashi zake, akachukua na karanga zake mezani, akampa Bwana Digbeu mkono kwa heshima, akaondoka.

Alirudi kwao Dabou, akawa anachora vibao vya vinyozi, vya waziba pancha, vya mama lishe. Hakusononeka, au hakutuonyesha. Mara kwa mara alikuja Adjamé na gunia la atieke, zile chenga za mihogo za kwao, akakaa na Zié juu ya kurasa mpya mpaka Mama azime jiko. "Huyu mtu wako amesimama kama mgomba," alikuwa akimwambia. "Ana njaa au hana? Mtu mwenye njaa anaegemea upande wa chakula."

Na kurasa za Zié zikasafiri. Zilifika Bouaké, zikavuka hadi Ouagadougou na Bamako. Ulipotoka mkusanyo wake wa kwanza, Kelele za Adjamé, tulianza kuona wachoraji ambao hatujawahi kukutana nao wakiacha kuandika PAAA na BUM. Radi ilikuwa inainua vumbi sakafuni. Mtu akipiga mlango, glasi chumba cha pili zinasogeleana kwa woga. Zié aliziona kurasa hizo, akazigeuza huku na huku, akasema, "Huyu kanizidi," na akakaa chini kujifunza kwake.

Kisha ikaja ile miaka mibaya ya nchi yetu, ambayo sitaisimulia hapa. Barabara zilifungwa, zikafunguliwa, zikafungwa tena. Hata zilipotulia, Meless hakuja. Tukimpigia simu kumwambia tunakuja sisi, alikuwa na jibu moja: "Vibao vimenizidi, wanangu. Ngojeni nipunguze."

Tuliamini. Tungeamini hadi leo, kama asingekuja Sènami.

Huyu alikuwa mchoraji wa kike kutoka Cotonou, bado kijana, na vitabu vyake viwili Zié alikuwa anavilaza chini ya mto wake kitandani. Alituulizia mtaani mpaka akatufikia. Alipomwona Zié, alipiga magoti, kama wafanyavyo kwao kwa mtu wanayemheshimu, naye Zié akaruka nyuma kwa aibu, akamkanyaga Mama. Sènami akatoa karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Ulikuwa ukurasa wa lori, ule wa kwanza, umekuwa kahawia kwa mafuta.

"Baba yangu alikuwa dereva wa safari ndefu," akasema. "Aliniletea huu nikiwa mdogo. Nilijifunza kuchora juu ya karatasi inayonuka samaki. Sina mwalimu mwingine. Nimekuja kusema asante tu, nirudi."

"Samaki wangu huyo!" akasema Mama, na hakuna aliyethubutu kubisha.

Zié alisoma mikono yangu hadi mwisho. Macho yalikuwa yamemjaa. "Mwambie nimepokea," akasema, "lakini asante hiyo imefika nusu ya safari. Twende wote Dabou. Tusipige simu."

Tulimkuta Meless barazani, mbele ya kibao cha muuza samaki. Alipotuona akainuka kwa furaha, kisha akakumbuka, akaificha mikono mifukoni. Kilikuwa kitendo cha haraka, lakini ni kosa kujaribu kumficha Zié kitu cha mikono.

"Toa," Zié akasema.

Meless akatazama pembeni. Halafu akaitoa. Ule mkono wa kuchorea ulikuwa unatetemeka, kuanzia kwenye kifundo, bila kupumzika. Kwenye kibao, samaki alikuwa na mgongo wenye mikunjomikunjo kama bati.

"Tangu lini, Baba?" nikamuuliza.

"Tangu zamani kidogo. Vinyozi wamenikimbia. Nywele zinataka mstari ulionyooka." Akajaribu kucheka. "Wauza samaki hawajali. Wanasema samaki wangu bado wako hai."

Zié aliuchukua ule mkono, akaushika kati ya viganja vyake viwili, akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu. Sènami alikuwa ameshapiga magoti kwenye mchanga, anamweleza Meless kwa sauti ya chini kila kitu, kuhusu baba yake, kuhusu lori, kuhusu wachoraji wa Cotonou ambao hawajui jina lake lakini hakuna asiyetembea kwenye njia aliyoifungua. Yule mzee alisikiliza huku mkono wake uko kwa Zié, na mara nikaona analia waziwazi, bila kujifuta, maana mkono wa pili nao Sènami alikuwa ameukamata.

Zié alipofumbua macho hakusema la kufariji. Alifungua mkoba wake, akatoa ukurasa aliokuwa akihangaika nao, hadithi ya mwanamke anayesafirisha mihogo yake kwa mtumbwi juu ya ziwa la pwani.

"Maji yangu yamekufa," akasema. "Mwezi mzima nayachora. Yamelala kama sakafu. Wewe yachore."

Nilitafsiri. Meless akashtuka. "Zié, acha mzaha. Nitakuharibia ukurasa."

"Nina kurasa nyingi. Sina maji."

"Mkono huu hauchori tena, mwanangu. Unajichorea wenyewe."

"Basi na maji ni hivyo hivyo," akasema Zié. "Nani huyaamuru?"

Meless alinitazama mimi, kama anayenitaka nimtete. Nikampelekea kiti. Akachovya brashi, akashusha pumzi, akaugusa ukurasa chini ya mtumbwi. Mkono ukaenda ulikotaka kwenda, ukitetemeka njia nzima, na nyuma yake ukaacha maji. Yalikuwa yanacheza, yanavunja mwanga, yanapiga ubavu wa mtumbwi taratibu. Sènami akasema kitu kwa Kifon, lugha ya kwao, ambacho hakikuhitaji mkalimani. Meless akaliinamia lile ziwa lake dogo, akalitazama kana kwamba limechorwa na mtu mwingine, kisha akavuta ukurasa wa pili bila kuombwa.

Tangu siku hiyo maji yote ya Zié ni ya Meless. Na moshi, na nyasi, na shuka linaloanikwa penye upepo. Zié alipeleka kitabu kiwanda cha uchapaji kikiwa na jina la Meless juu na lake chini. Meless akapiga simu kiwandani, akabadilisha. Zié akarudi kubadilisha. Mwenye kiwanda akaniambia, "Mama, ndugu zako hawa niwatie wapi?" Nikamwambia aliyetangulia kuzaliwa atangulie, basi, achape.

Kitabu kilipokelewa vizuri kuliko vyote vilivyotangulia. Mwaka jana vijana wa chuo cha sanaa walikuja Dabou na michoro yao, nami nikiwepo, na Meless akaipitia akiwa amevaa miwani, kila mmoja akisubiri neno lake. Alipofika kwenye karatasi ya tatu akainua kichwa.

"Karidja, njoo uone. Hawa watoto wana mikono mizima kabisa, na wametetemesha maji yao kwa makusudi!"

"Wanakuiga, Baba."

"Wanaiga ugonjwa!" akasema, akacheka kile kicheko chake cha kutikisa mabega mpaka miwani ikamdondoka, na vijana wakacheka naye bila kujua wanachekea nini. Halafu akawavutia kiti, akaomba wino, akawaambia mtetemo wao ni mzuri, ila wasitie chumvi, kwa sababu maji ya asubuhi hayatetemeki sawa na ya jioni.

Wiki iliyopita amenipigia simu. Anaomba nimfikishie Zié ujumbe: hadithi yoyote atakayoiandika sasa, atie humo mvua, tena mvua kubwa, ya siku nzima.